Maswali na Majibu ya Afya: Mwiba wa Kirusi na Utafiti wa Chanjo ya UKIMWI

Katika toleo lililopita niligusia kwamba utafiti wa chanjo ya UKIMWI umejikita zaidi kwenye protini zilizo juu ya ganda la kirusi, kisha nikaendelea na mambo mengine bila kueleza kwa kina. Barua zilizofuata kutoka Malindi, Mambrui, Gede na Lamu zimeonyesha kwamba wasomaji wanataka maelezo hayo kwa ukamilifu, na nafasi yote ya safu hii leo nimeitenga kwa ajili yao.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Chanjo ya Korona ilipatikana kabla ya mwaka kwisha, ilhali habari za UKIMWI tunazisikia tangu mimi nilipokuwa shule ya msingi. Wanafunzi wangu huniuliza iwapo kweli wanasayansi wanaitafuta chanjo, au wameridhika na biashara ya dawa. Niwajibu nini? – Mwalimu wa sayansi, Mambrui

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kuuliza, kwa sababu ahadi ilitolewa mapema mno. Mwezi Aprili mwaka 1984, waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alitangaza matumaini kwamba chanjo ingekuwa tayari kufanyiwa majaribio baada ya miaka miwili hivi. Siamini kwamba alikusudia kudanganya. Wakati ule kirusi chenyewe kilikuwa kimegunduliwa mwaka mmoja tu uliotangulia, na hakuna aliyejua jinsi sehemu yake ya nje ilivyoundwa.

Sehemu hiyo ya nje ndiyo kiini cha jambo lote. Kirusi cha UKIMWI kinapotoka katika seli ya binadamu hujivika utando wa mafuta wa seli hiyohiyo, kwa hiyo utando huo ni mali ya mwili wetu na kinga haina sababu ya kuushambulia. Kilicho cha kirusi chenyewe, kilichojitokeza nje mahali ambapo kingamwili (protini za damu ambazo kinga huzitumia kunasa vijidudu) zinaweza kukifikia, ni miiba ya protini peke yake. Kila mwiba una vipande vitatu vya protini iitwayo gp120 vilivyokaa juu ya vipande vitatu vya protini iitwayo gp41. Kazi ya gp120 ni kuishika seli nyeupe ya damu kwenye kipokezi kiitwacho CD4. Ikishashika, hubadilika umbo na kufunua sehemu iliyokuwa imefichika, ambayo nayo hushika kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5. Hapo ndipo gp41 hujichomeka kwenye utando wa seli na kuvivuta kirusi na seli hadi vikaungana. Kingamwili inayotaka kuzuia maambukizi sharti iushike mwiba kabla hatua hizo hazijakamilika.

Sasa tazama ugumu wake. Kirusi cha mafua kina miiba kwa mamia, ilhali cha UKIMWI kimekadiriwa kuwa na miiba 14 hivi, iliyotawanyika mbalimbali. Kingamwili ina mikono miwili na hushika kwa nguvu zaidi mikono yote miwili inapopata pa kushika, lakini hapa mkono wa pili mara nyingi hauufikii mwiba wa jirani. Isitoshe, takribani nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, na sukari hizo hutengenezwa na seli zetu wenyewe, hivi kwamba kinga huziona kuwa sehemu ya mwili na kuziacha. Protini iliyo chini yake haionekani ila kupitia nafasi chache nyembamba. Jingine ni kwamba kirusi hujinakili bila kusahihisha makosa, na makosa mengi huangukia kwenye mwiba. Ukilinganisha mwiba wa kirusi cha aina A, ambacho ndicho kilichoenea zaidi hapa Kenya, na ule wa aina C ya kusini mwa Afrika, zaidi ya robo ya vijenzi vya protini huenda vikatofautiana. Hata ndani ya mgonjwa mmoja, kingamwili zinapokuwa tayari kukishika kirusi cha jana, cha leo kimekwisha kugeuka.

Katika Korona, watu wengi mno walipona kwa kinga yao wenyewe, na mwili ukawaonyesha watafiti njia ya kufuata. Katika UKIMWI, isipokuwa kwa watu wachache mno, mwili haukishindi kirusi, kwa maana ndani ya siku chache kinakuwa kimekwisha kuingiza vinasaba vyake katika vinasaba vya seli. Chanjo inatakiwa kufanya jambo ambalo maradhi yenyewe hayaufundishi mwili kulifanya, tena ilifanye mapema.

Kuhusu biashara ya dawa, waambie wanafunzi wako jambo moja la hakika. Chanjo kadhaa za Korona zilizotumika zaidi duniani zilitumia mwiba uliozuiwa kubadilika umbo kwa kupachikwa vijenzi viwili vya protini viitwavyo prolini, na walioibuni njia hiyo walikuwa wamekwisha kuifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi katika virusi vya RSV, vinavyoleta maradhi ya mapafu kwa watoto wadogo, na vya UKIMWI. Wepesi walioushangaa mwaka 2020 umetokana kwa sehemu na jasho la utafiti huuhuu wanaoudhania kuwa umelala.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimesoma mahali kwamba kuna chanjo ya UKIMWI iliyotokana na damu ya mtoto mchanga wa Nairobi. Je, ni kweli, na mtoto alitumiwaje? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asili yake ni ya kweli, ingawa maneno yamepotoka njiani. Katika miaka ya 1990, kabla dawa za kuwakinga watoto hazijapatikana kwa akina mama wa nchi yetu, ulifanyika utafiti mjini Nairobi uliowahusu akina mama wenye virusi, ili kujulikana ni kwa kiasi gani maziwa ya mama huambukiza. Sampuli za damu zilihifadhiwa. Kutoka kwa mtoto mmoja wa wiki 6, maabara ya mtafiti Julie Overbaugh ya mjini Seattle ilipata kirusi cha aina A kilichopewa alama BG505.

Kilichotumika baadaye si damu ya mtoto. Ni maandishi ya kinasaba cha mwiba wa kirusi kile. Kinasaba huandikwa upya maabara, huingizwa katika seli zinazofugwa kwenye chombo, na seli hizo hutengeneza protini ya mwiba bila kirusi kuwapo. Watafiti walikichagua kinasaba hicho miongoni mwa vingi kwa sababu baadhi ya kingamwili bora kabisa zilizopata kupatikana, ikiwemo ile iitwayo PG9 iliyotangazwa mwaka 2009 na iliyotoka kwa Mwafrika mmoja mwenye virusi, ziliweza kuushika mwiba wake barabara.

Hapo palikuwa na tatizo lililowashinda watafiti kwa miaka. Mwiba ukitolewa kwenye utando wa kirusi huachana: gp120 hudondoka na gp41 hujikunja katika umbo lisilo na faida. Chanjo za kwanza zilizotumia gp120 peke yake ziliufundisha mwili kushika sehemu ambazo katika kirusi kizima zimefichika. Kundi la watafiti akina John Moore na Rogier Sanders lilipata ufumbuzi kwa kuongeza kiungo cha salfa kinachoifunga gp120 na gp41 zisiachane, na kwa kubadilisha kijenzi kimoja cha gp41 kuwa prolini ili isijikunje kabla ya wakati. Ni sawa na fundi wa jahazi kule Lamu anayezibana mbao kwa vishikizo ili zisirudi kunyooka baada ya kukunjwa. Mwiba uliofungwa hivyo huitwa SOSIP. Katika ule wa BG505 waliongeza pia mahali pamoja pa kushikia sukari, kwenye nafasi ya 332, kwa kuwa zipo kingamwili bora ambazo zimejifunza kuishika sukari hiyohiyo iliyokusudiwa kuzizuia. Mimi naliona jambo hilo kuwa miongoni mwa mambo ya kustaajabisha zaidi katika elimu hii yote, kwamba ulinzi wa kirusi wenyewe unaweza kuwa mahali pa kukikamatia.

Mwaka 2013, mwiba huo wa BG505 ulipigwa picha kwa miali ya eksirei na kwa hadubini ya elektroni katika baridi kali, na kwa mara ya kwanza umbo lake zima likaonekana kwa undani, sukari na mianya yake. Mwaka 2019 jaribio dogo la kupima usalama wake kwa watu lilianza Marekani na Kenya, na kwa upande wa Kenya lilifanyika Nairobi. Sindano hiyo haikutarajiwa kuleta kinga kamili, na haijawa chanjo ya kutumika. Ni hatua.

Katika kundi lilelile la watoto wa Nairobi, mwingine aliyepewa alama BF520 alionekana kuwa ametengeneza kingamwili zenye kushika virusi vya aina mbalimbali ndani ya mwaka mmoja hivi wa kuambukizwa, ilhali kwa watu wazima jambo hilo huchukua miaka kadhaa na huwatokea wachache. Watoto hawa na mama zao hatuwajui kwa majina, na ndivyo inavyostahili. Lakini mtu akikwambia kwamba sisi tumekuwa watazamaji tu katika utafiti huu, mkumbushe kwamba umbo la mwiba linalochunguzwa katika maabara za mabara yote limetoka kwa mtoto wa Kenya.

SWALI: Daktari, mimi ni mtu wa baharini na sina elimu kubwa. Nikidungwa chanjo ya majaribio yenye protini za kirusi, je, siwezi kuambukizwa? – Nahodha, Shela, Lamu

JIBU: La, nahodha, huwezi. Mwiba peke yake hauna vinasaba vya kirusi, na pasipo vinasaba hivyo hakuna kinachoweza kuzaana. Unachoweza kupata ni maumivu ya mkono, homa ya siku moja mbili, na wakati mwingine vipele vya mwasho, ambavyo vimeonekana kwa baadhi ya walioshiriki majaribio ya karibuni. Umeuliza swali la msingi, na mtafiti yeyote atakayekuomba ushiriki anawajibika kukujibu kwa lugha unayoielewa kabla hujatia sahihi yako, na kukuacha uondoke bila lawama ukikataa.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nimesikia kwamba mtu aliyeshiriki utafiti wa chanjo anaweza kupimwa akaonekana ana virusi ilhali hana. Nikikutana na mtu wa namna hiyo nimwambie nini? – Mhudumu, Gede

JIBU: Ndugu yangu, umesikia sawa, na kila mwenye kazi kama yako anapaswa kulielewa jambo hili vizuri.

Kichukue kipimo cha haraka unachokitumia kila siku ukiangalie. Unamchoma mtu kidole, tone la damu linawekwa mwanzoni mwa karatasi nyembamba, dawa inaongezwa, na unyevu unapanda taratibu hadi unavuka mistari miwili isiyoonekana kwa macho. Mstari wa juu ni wa kuhakikisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Ule wa chini umepakwa vipande vya protini za ganda la kirusi, hasa gp41. Ikiwa damu ina kingamwili za kuzishika protini hizo, zitanasa pale na mstari utajitokeza kwa rangi. Kwa maneno mengine, kipimo hakikitazami kirusi. Kinatazama iwapo mwili umejifunza kuitambua miiba yake.

Utaona basi kwamba aliyechanjwa kwa protini hizo huenda akaupata mstari uleule bila kuwa na kirusi hata kimoja, na hali hiyo yaweza kudumu kwa miaka. Mtu huyo asipewe jibu kwa kipimo cha haraka. Anapaswa kupimwa kwa kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya kirusi, na ni bora apelekwe kwenye kituo kilichomchanja, kwa kuwa watafiti wanaofuata utaratibu huwapa washiriki kadi ya utambulisho na kuwapima bila malipo hata baada ya utafiti kumalizika. Mwulize kwa faragha kama ana kadi hiyo. Usilitamke neno lolote la matokeo mbele ya jamaa zake, maana ndoa na kazi zinaweza kuharibika kwa mstari mmoja uliosomwa vibaya.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tusimpe mtoto mchanga jibu kwa kipimo cha haraka. Kingamwili za mama huvuka kwenye kondo na kukaa katika damu ya mtoto kwa miezi mingi, kwa hiyo mstari wake unaweza kuwa wa mamaye. Mtoto wa wiki 6 hutolewa damu kisiginoni, ikaushwe kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kwa PCR. Wewe unayetembea nyumba kwa nyumba ndiye unayejua ni mama yupi hajarudi kuchukua majibu hayo. Tafadhali mfuatilie.

SWALI: Bwana Daktari, nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi na nimeona majaribio mengi yakitangazwa kwa shangwe kisha yakasimamishwa. Kwa maoni yako, fedha hizi zisingefaa kununulia dawa? – Muuguzi mstaafu, Langoni, Lamu

JIBU: Mama, uchovu wako naufahamu, na historia iko upande wako. Majaribio makubwa ya kwanza ya gp120, yaliyofanyika Marekani na Thailand, yalitoa majibu mwaka 2003, na hayakuonyesha kinga. Mwaka 2009 jaribio la Thailand liitwalo RV144, lenye washiriki zaidi ya 16,000, lilionyesha kinga ya asilimia 31 hivi, kiasi kisichotosha kuidhinishwa lakini kilichotosha kuwafufulia watafiti matumaini. Afrika Kusini ililirudia kwa chanjo iliyorekebishwa kufuata aina C ya kirusi, na mwezi Februari mwaka 2020 likasimamishwa: waliochanjwa walioambukizwa walikuwa 129, na wasiochanjwa 123. Jaribio la Imbokodo, la wanawake wa nchi tano za kusini mwa Afrika, liliishia mwaka 2021 bila kuonyesha kinga ya kutosha. Jaribio jingine la chanjo, liitwalo Mosaico, lilisimama Januari 2023, na mwishoni mwa mwaka huohuo likasimama lile la PrEPVacc lililokuwa likifanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini.

Ukiyatazama yote kwa pamoja utaona kwamba yalikuwa na upungufu mmoja. Chanjo hizo zilizalisha kingamwili kwa wingi, lakini si zile zinazoweza kuufunga mwiba wa kirusi kinachozunguka mitaani. Jaribio jingine, ambalo halikuwa la chanjo bali la kuwawekea watu kingamwili iliyotengenezwa tayari, VRC01, lilitoa majibu mwaka 2021. Kwa jumla halikuzuia maambukizi. Hata hivyo, dhidi ya virusi vile ambavyo kingamwili hiyo inavimudu, maambukizi yalipungua kwa takribani asilimia 75. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo jibu lenye thamani kuliko yote ya miaka hiyo, kwa sababu lilithibitisha kwa watu, si kwa wanyama, kwamba kingamwili ikiushika mwiba sawasawa humkinga mtu.

Ndiyo maana kazi imegeuka. Seli zinazoweza kuzaa kingamwili za aina ya VRC01 zimo katika damu ya watu wengi, lakini ni chache mno, na katika hali yake ya awali haziwezi kuushika mwiba halisi. Watafiti wametengeneza kipande kidogo cha gp120 kilichorekebishwa ili kiziamshe seli hizo kwanza, ndipo sindano zinazofuata, zenye maumbo yanayokaribia mwiba halisi hatua kwa hatua, zizifundishe. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2022, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa waliitikia kama ilivyotarajiwa. Jaribio dogo lililofanyika Rwanda na Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, lilionyesha kwamba 17 kati ya 18 waliitikia vivyo hivyo. Hakuna aliyekingwa bado. Kilichothibitishwa ni kwamba hatua ya kwanza inawezekana kwa watu wetu pia, na hilo halikuwa na uhakika hapo awali.

Kuhusu fedha, siwezi kukubaliana nawe, ingawa nakuheshimu. Dawa lazima zinunuliwe, na mgonjwa wa leo hawezi kuambiwa asubiri. Lakini mtu anayeanza ARV akiwa na miaka 20 atazihitaji maisha yake yote, na tumeona jinsi dawa hizo zinavyotegemea maamuzi yanayofanywa mbali na sisi. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi, na pamoja na vituo vya matibabu uliathirika pia utafiti wa chanjo uliokuwa ukiongozwa na wanasayansi wa Afrika kutoka Afrika Kusini. Limenihuzunisha sana jambo hilo, kwa sababu lilitokea wakati ambapo umbo la mwiba linajulikana na njia ya kuufikia inaanza kuonekana. Hapa kwetu, karibu kabisa na Malindi, kituo cha utafiti cha Kilifi kilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyowafuatilia kwa miaka watu walioambukizwa karibuni, ili kujua ni nani miongoni mwao wanaotengeneza kingamwili pana na kwa njia gani. Kazi ya namna hiyo ikikatwa katikati hairudiwi kwa urahisi, kwani washiriki hutawanyika na imani yao hupotea.

SWALI: Daktari, kuna sindano ya kudungwa mara mbili kwa mwaka inayozuia UKIMWI. Je, hiyo siyo chanjo uliyokuwa ukiizungumzia? – Kijana wa Kisumu Ndogo, Malindi

JIBU: Hapana, kijana wangu. Hiyo ni dawa iitwayo lenacapavir, na haina uhusiano na miiba ya nje; hulishambulia ganda la ndani linalobeba vinasaba vya kirusi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024 na kufanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 walioipata aliyeambukizwa, na matokeo ya namna hiyo yanastahili kusifiwa. Lakini dawa haiufundishi mwili chochote. Baada ya miezi sita nguvu yake hupungua, na asiyerudi kudungwa hubaki bila kinga. Kabla ya kuanza ni lazima upimwe, kwa sababu mwenye virusi akiitumia peke yake anaweza kukifanya kirusi kiwe sugu. Kwa sasa hakuna chanjo ya UKIMWI iliyoidhinishwa popote duniani, na yeyote anayekuuzia kitu kwa jina hilo anakudanganya. Kilichopo ni kipimo, kondomu, vidonge vya PrEP vya kumkinga asiyeambukizwa, na ARV kwa aliyeambukizwa, ambazo zikitumiwa vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Nenda katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe uulize kipi kinapatikana.